Ukali, Uchungu na Ukakasi: Ladha za Ulimi katika Sifa za Wahusika

Majuzi nilipokuwa nikisahihisha majibu ya kidato cha tatu kuhusu sifa za wahusika, nilikumbana na sentensi hii: "Mama huyu ni mchungu kwa sababu amefiwa." Karatasi iliyofuata ilidai kuwa mama yuyo huyo ni "mkali kwa sababu amefiwa". Watahiniwa wote wawili walikuwa wameisoma hadithi na kuielewa. Kilichowaponza ni msamiati, na alama zikawapotea.

Kiswahili kimechota majina mengi ya hulka kutoka jikoni, na anayetaka kuyatofautisha hana budi kuanzia kwenye ulimi. Pilipili ni kali. Ndimu pia ni kali, na siki kadhalika. Shubiri, mwarobaini na mnavu ni chungu. Wanafunzi wetu wengi huita ndimu chungu, labda kwa kuwa wanatafuta neno moja la kulingana na lile la Kiingereza wasilipate. (Lipo: ugwadu, ile ladha ya embe bichi inayokufanya ufumbe jicho moja. Sijui kwa nini tumewaachia wazee neno zuri kama hilo.)

Tuangalie sasa ladha hizi zinavyotenda kazi. Kitu kikali hupiga papo hapo: kisu kikali, jua kali, mbwa mkali. Kitu kichungu hukaa. Tafuna jani la mwarobaini, unywe maji, na baada ya muda bado utakuwa nalo kooni. Tofauti hii ndiyo inayohamia kwenye tabia. Ukali humtoka mtu ukamwendea mwingine, ilhali uchungu hubaki ndani ya mwenyewe. Ndiyo maana husema mtu *ni mkali* lakini *ana uchungu* au *anaona uchungu*. "Mtu mchungu" ni nadra kusikika.

Linganisha dawa kali na dawa chungu. Ya kwanza yasifiwa au kuogopewa kwa nguvu zake mwilini, hata ikiwa tamu kama asali. Ya pili ni ladha tu, na huenda isitibu chochote. Vivyo hivyo, maneno makali hutegemea msemaji: sauti yake, hasira yake, nia yake. Maneno machungu hutegemea msikilizaji. Daktari aweza kumwambia mgonjwa ukweli mchungu kwa upole mkubwa, pasiwe na ukali hata chembe. Mhakiki anayechanganya haya mawili humtwika mhusika kosa lisilo lake.

Uchungu wenyewe una upana unaowashangaza wanafunzi. Kuna uchungu wa kujifungua na uchungu wa kufiwa. Kuna pia uchungu ulio sifa njema, kwani mtu mwenye uchungu na mali ya umma ni mtu anayeijali. *Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.* Basi mtahiniwa asiandike "ana uchungu" akakomea hapo. Aseme ni uchungu wa nini, au na nini. Uchungu uliofugwa muda mrefu ukamlenga mtu fulani huitwa kinyongo, neno linalotukumbusha nyongo.

Kuchacha kunahitaji muda. Uji huchacha taratibu, ugomvi nao huchacha, na mtu aliyevumilia siku nyingi hatimaye huchachamaa. Hata hivyo, chachu ndiyo iumuayo mkate, hivyo mhusika anayeitwa "chachu ya mabadiliko" anasifiwa. Ukakasi ni ladha ya ndizi mbichi, inayoparuza ulimi. Kauli yenye ukakasi si tusi, wala si lazima iwe kali. Ni kauli isiyomezeka.

Tuchukue mfano wa *Utengano* (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyowahi kutahiniwa katika KCSE. Maksuudi anamfungia bintiye Maimuna nyumbani. Mtahiniwa akiandika kuwa Maksuudi ni mkali hajakosea, lakini amempunguzia lawama. Mwalimu wa nidhamu naye ni mkali, na wazazi humshukuru. Vijana siku hizi humwita mkali hata mwimbaji anayewapendeza! Maksuudi anastahili kuitwa dhalimu. Maimuna naye anapotoroka, ukali si neno la kumweleza. Ametoka na uchungu.

Kipindi kilichofuata niliwapelekea darasani ndimu, ndizi mbichi na majani machache ya mwarobaini. Walionja, wakakunja nyuso, wakacheka, kisha nikawarudishia karatasi zao. Mmoja wa wale wawili aliandika upya: "Mama huyu ana uchungu wa kufiwa, na uchungu huo ndio unaomfanya awe mkali kwa watoto waliobaki." Nilimpa alama zote mbili.