MAARIFA YA UTAFITI NI MALI YA NANI?

Kila kazi ina mtoa jasho na mpata faida. Katika majarida ya kitaaluma, mtafiti huandika makala bila malipo. Wataalamu wenzake huikagua, nao kwa kawaida hawalipwi. Kisha mchapishaji huiuza kwa maktaba ya chuo kilekile kinachomlipa mtafiti mshahara. Ili kuipinga hali hiyo, mwaka 2002 lilitolewa Azimio la Budapest, lililotaka makala za utafiti zisomwe bure na mtu yeyote kwa njia ya intaneti. Huo ndio uchapishaji huria.

Je, watafiti wenyewe wanauonaje? Wengi wanaukubali. Mwaka 2012 mwanahisabati Timothy Gowers wa Cambridge alitangaza kuisusia kampuni ya Elsevier kwa sababu ya bei zake, na maelfu ya wanataaluma wakatia saini kuunga mkono. Hata hivyo, wengi wanaousifu uchapishaji huria bado hupeleka makala zao kwenye majarida ya kulipia. Huo si unafiki. Mwenendo wa watu hutokana na mazingira ya kazi yao, na hapa yapo mambo matatu.

Kwanza, vyeo. Kamati nyingi za vyuo hutazama jina la jarida kabla ya kuisoma makala. Mhadhiri kijana anayengoja kupandishwa cheo hawezi kuliacha jarida mashuhuri kwa imani peke yake.

Pili, ada. Majarida mengi yameuondoa mzigo kwa msomaji na kumtwika mwandishi. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya Euro 9,500 kwa makala moja. Msomaji amefunguliwa mlango, mwandishi mnyonge amefungiwa.

Tatu, hofu. Wapo matapeli wanaochapisha chochote mradi walipwe, na kwa ajili yao watafiti wengine hudhani kwamba kilicho huria ni hafifu.

Lakini ipo njia nyingine. Nchini Brazili mpango wa SciELO, ulioanza miaka ya 1990 kwa msaada wa fedha za umma, huweka wazi majarida ya vyuo na ya vyama vya wataalamu.

Kwa hiyo kuwahubiria watafiti hakutoshi. Ni lazima vyuo vipime kazi kwa uzito wake, na fedha za umma ziyategemeze majarida ya umma. Bila hivyo, mtafiti ataendelea kusema hili na kutenda lile.