Ramani ya nchi isiyokuwapo

MAJUZI nikiwa nyumbani Nangina, mjukuu wangu aliniletea muswada wa riwaya yake ya kifantasia pamoja na ramani ya dunia aliyoibuni. "Babu, dunia yangu ni kubwa sana, kwa hivyo nimetumia skeli kubwa," akasema. Kumbe alikuwa ametumia skeli ndogo.

Kosa hilo hata wanafunzi wangu wa chuo kikuu hulifanya. Skeli ni sehemu, kama zile za hesabu: moja juu ya elfu hamsini ni kubwa kuliko moja juu ya milioni. Katika 1:50,000, sentimita moja ni nusu kilomita, na kijito au njia ya miguu huonekana. Katika 1:1,000,000, sentimita hiyo ni kilomita 10. Skeli kubwa, basi, huonyesha eneo dogo kwa undani.

Sasa, kisa chake kinamhusu msichana anayevuka mto kwenda soko la ufalme wa pili. (Mto wenyewe niliutambua mara moja: ni Sio wetu uliobadilishwa jina.) Safari ni ya kilomita tano, yaani nusu sentimita kwenye karatasi yake ya moja kwa milioni. Mstari wa mpaka, wenye unene wa nusu milimita, umefunika mita 500 za ardhi. Soko, kivuko na nyumba ya shangazi wa msichana vyote vimezama ndani ya wino! Sisi tulio na jamaa pande zote mbili, Kenya na Uganda, tunajua ni mangapi hutokea ndani ya wino huo. Isitoshe, kabla ya 1902 huku kwetu kulihesabiwa kuwa Uganda.

Nikamuuliza: katika dunia yako, ni nani aliyeichora ramani hii? Akanyamaza. Alikuwa ameiga vitabu vya Ulaya, milima yake kama meno ya msumeno, kaskazini juu. Lakini al-Idrisi, mwaka 1154, aliweka kusini juu. Na neno letu "ramani" huhusishwa na rahmani, kitabu cha mabaharia kilichoeleza njia kwa maneno. Naye Shaaban Robert katika Kusadikika (1951) alibuni nchi iliyo angani, akatuma wajumbe pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Hiyo utaichoraje kwenye karatasi bapa bila kupoteza safari mbili kati ya sita?

Wahusika wa mjukuu wangu hawajui kilomita. Wao huhesabu mwendo wa asubuhi au wa siku nzima. Nikamshauri ramani ichorwe na mvuvi wa mto ule, umbali uandikwe kwa mwendo, falme za mbali zitajwe pembeni tu.

Juzi ameleta nyingine. Nyumba ya shangazi imeonekana. Tumebaki kubishana kuhusu kivuko cha siri: yeye anataka kionekane, mimi naona msomaji ataujua mwisho kabla ya kufungua sura ya kwanza.