Apu Mpya Zimerudi, na Zinataka Mbogi Yako

Cheki fon ya yut yeyote wa Nairobi saa hii. WhatsApp iko, TikTok iko, Insta iko, X iko. Kwa miaka ilikaa ni kama mlango ulishafungwa, na msee mwenye angeleta apu ingine ya kupiga stori angekuwa anachoma doh. Sahi mambo imegeuka. Tangu 2020 zimekuwa zikimwagika tu: Clubhouse, BeReal, Locket, Threads, Bluesky, Airbuds. Kuna zenye ziliwaka na kuzima kabla mtaa ujue zilikuwa za nini. Kuna zenye bado zinasimama.

Sababu unaijua vile naijua. Tumechoka. Wakenya tunapenda TikTok mbaya. Ripoti ya Reuters Institute ya 2023 ilituweka mbele ya nchi zote zenye walicheki. Lakini ukiifungua, ni wangapi hapo unawajua kwa sura? Unapata dansa wa Manila, mpishi wa Texas, tangazo la beti, tangazo la mkopo, halafu dansa mwingine. Beshte yako wa primo alipata mtoto mwezi uliopita na hukuona. Stori yake ilizikwa na wageni.

Ndio maana BeReal ilibamba. Iliundwa Ufaransa na Alexis Barreyat na Kévin Perreau. Mara moja kwa siku, saa yenye hakuna mtu anaijua, fon inalia: uko na dakika mbili, piga picha. Kamera ya mbele na ya nyuma zinachukua pamoja, hakuna filta. Ikikupata kwa mathree ya Rongai umebanwa kati ya mzae na gunia la sukuma, hiyo ndio picha ya leo. Ikikupata ukifua, mbogi inaona karai na povu. 2022 Apple waliipa taji ya apu bora ya iPhone ya mwaka, na 2024 kampuni ya magemu ya hapo hapo Ufaransa, Voodoo, ikainunua kwa yuro milioni 500. Moto wa mwanzo ulipoa, sawa, lakini ilionyesha kitu kikubwa: watu wanataka kuonana vile wako, hata kama nywele haijachanwa.

Yenye imenishika roho ni Locket. Matt Moss aliiunda kama zawadi ya birthday ya dem wake, ikatoka Januari 2022. Mtu wako akipiga picha, inatokea moja kwa moja kwa skrini ya mbele ya fon yako. Hufungui chochote. Binamu yangu anapiga wira Doha. Nikitoa fon mfukoni kucheki saa, nakutana na buti zake za kazi zimejaa vumbi, ama sahani ya wali wa usiku, ama jua la huko likizama nyuma ya kreni. Mathe yake Kayole anaona picha hiyo hiyo akiwa kwa kibanda anauza nyanya. Hakuna mtu anahesabu laiki. Ni rende ndogo ya watu wanapendana, basi, na kwangu hiyo inashinda wafuasi elfu kumi.

Kwa nini basi hizi vitu haziwakangi huku kwetu? Juu nyingi zinazaliwa kwa iPhone. Mtaani ni Tecno, Infinix na itel. Clubhouse, apu ya kupiga stori kwa sauti live, ilianza 2020, iPhone pekee, tena kwa mwaliko. Androidi ilifika Mei 2021. Kufikia hapo Twitter, X ya leo, walikuwa washaweka Spaces, vyumba vyao vya sauti, na wasee wakahamia huko na fon zao za kawaida. Aprili 2023 Clubhouse ikafuta wira zaidi ya nusu ya watu wake. Spaces nayo ikageuka baraza letu, mpaka 5 Julai 2024 Rais Ruto mwenyewe akaingia kujibu maswali ya mayuts, siku chache baada ya kukataa kusaini Mswada wa Fedha.

Na hapo kwa Mswada ndio nilielewa apu inashikwaje. Juni ya mwaka huo, mayuts wakipanga maandamano ya kuupinga, ghafla kila msee alikuwa anashusha Zello. Zello ni ya kitambo, inafanya kazi kama redio ya karao: unafinya kitufe, unaongea, mbogi yote inasikia. Haitaki neti nono. Hakuna tangazo liliwaleta. Kulikuwa na shughuli, na hiyo apu iliitoshea. Nepal waliona hivyo pia. Septemba 2025 serikali ilifunga mitandao 26, mayuts wakamwagika barabarani, na baada ya waziri mkuu kujiuzulu wakakutana Discord, apu ya wacheza magemu, wakajadili na kupiga kura nani ashike usukani. Jina lenye lilitoka hapo, Sushila Karki, ndilo liliapishwa kuwa waziri mkuu wa muda.

Kuna kitu moja inanikera na lazima niiseme. Karibu kila apu mpya ikishaingia inaulizia kontakti zako zote, ati ikutafutie mabeshte. Hapo ndani kuna namba ya mathe, ya dakitari, ya landilodi, na hao hawajaulizwa. Kenya iko na sheria ya kulinda data tangu 2019. Finya "kataa" bila aibu, kisha waongeze watu wako mmoja mmoja.

Na wewe dev wa Nairobi, wa Mombasa, wa Eldi, hii ni ya kwako. Usingoje San Francisco. Jenga ya Androidi kwanza, ikae kwa fon ya memori ndogo, isikule bando ya mbao kabla ya saa sita. Jengea chama ya kina mathe, timu ya mpira ya estate, familia yenye nusu iko ushago na nusu iko Gulf. Hao watu tayari wanajuana na tayari wako na stori. Wapatie mahali pa kuipigia.