Picha juu ya picha: usikiamini sana kidirisha cha kamera yako

Umeshaona zile picha za uso wa mtu uliojaa matawi ya mti? Baadhi si kazi ya Photoshop. Kamera yenyewe imepiga mara mbili, ikalaza picha moja juu ya nyingine.

Enzi za filamu ulikuwa unakumbuka tu picha ya kwanza ilikaaje. Hata ukichungulia kwenye DSLR ni hivyohivyo. Kamera za kisasa zisizo na kioo ndani zimerahisisha mambo: kidirisha chake ni skrini ndogo, kwa hiyo nyingi zinakuonyesha picha ya kwanza kama kivuli huku unalenga ya pili.

Lakini kivuli hicho kinadanganya. Skrini ina mwangaza wake. Ukiupandisha kwa sababu uko juani, mchanganyiko utaonekana umeng'aa kuliko faili itakayohifadhiwa. Halafu kinakuziba. Macho ya unayempiga yanapotelea kwenye majani, na hujui kama fokasi imekaa.

Kinachoamua matokeo ni mwanga. Kwenye hali ya kujumlisha, kila picha inaongeza mwanga juu ya iliyotangulia. Sehemu iliyokwisha kuwa nyeupe haipokei kitu tena, ila penye giza ndipo picha ya pili inapoingia. Ndiyo maana wazoefu huanza na mtu mweusi kama kivuli mbele ya anga jeupe: majani yanakaa ndani ya umbo lake tu. Na punguza mwanga: picha 2, shusha stopu 1 kila moja, picha 4, shusha stopu 2.

Kamera nazo hazifanani. Canon EOS R6 inachanganya picha 2 hadi 9, ila ukichagua hali ya mfululizo huwezi kukagua ulichopiga wala kufuta cha mwisho katikati ya kazi, na picha moja moja zinatupwa. Kwa kazi ya mteja, mimi singethubutu. Tumia hali ya kawaida, uiambie kamera ihifadhi picha zote, ili mchanganyiko ukiharibika bado una kitu mkononi. Wenye Sony A7 III na A7 IV, poleni: kwenye menyu zenu kitu hiki hakipo, mtachanganyia kwenye kompyuta.

Ukimaliza, fungua picha iliyohifadhiwa na uangalie histogramu yake kabla mtu hajaondoka mbele ya lenzi.