Banda la Kuku Uani: Kabla ya Bati, Fikiria Upepo



Nikitembelea wafugaji hapa Unguja, swali la kwanza huwa ni "afisa, nilete kuku gani?" Mie nauliza kwanza banda limeelekea wapi. Kisiwa chetu kina joto na unyevu. Banda lisilopitisha upepo hujaa harufu ya kinyesi inayochoma macho, kuku wanapata mafua, mayai yanapungua, na faida yote inakwenda kwenye dawa.

Banda la kuku 50 wa mayai unaweza kulijenga mwenyewe. Fuata haya.

Mwelekeo. Urefu wa banda ulale mashariki na magharibi. Hapo jua la asubuhi na jioni linapiga pande fupi tu. Pande ndefu zinatazama kaskazini na kusini, kwa hiyo kaskazi ikivuma unaipata, na kusi ikivuma unaipata.

Ukubwa. Hesabu kuku 5 kwa mita moja ya mraba. Kuku 50 wanataka mita 10 za mraba, yaani urefu mita 4 na upana mita 2.5. Ukiwabana 80 humo kwa tamaa, watadonoana.

Ukuta. Pande ndefu jenga tofali sentimita 60 tu, juu yake weka wavu mpaka kwenye paa. Pande fupi ziba. Ukuta mfupi unakula mchanga kidogo, na bei ya mchanga Unguja tunaijua. Nguzo za mvinje zinatosha. Wavu uwe wa matundu ya nusu inchi. Ule wa matundu makubwa unamzuia kuku asitoke, lakini panya na nyoka wanapita. Na kunguru, walioletwa hapa kutoka India miaka ya 1890, hawaachi kifaranga wala yai.

Sakafu. Mwaga saruji, iinuke sentimita 20 juu ya ardhi ili maji ya masika yasiingie. Tandaza maranda au maganda ya mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 10. Yakilowa, yatoe siku hiyo hiyo.

Paa. Makuti yana ubaridi, ila utitiri na panya hujificha humo. Bati linadumu, ila linapika. Mimi nashauri bati lililopakwa chokaa kwa juu. Mvua ikiiosha, paka tena kabla ya joto la Disemba. Upenu utokeze kama mita 1, mvua isipige ndani.

Ndani. Fito za kulalia, sentimita 20 kwa kila kuku, jumla mita 10. Viota 10, kimoja kwa kuku 5, sehemu yenye kigizagiza.

Walioko Mji Mkongwe, msijenge kitu kabla ya kuuliza kibali kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kuvunjiwa banda ni hasara kuliko kusubiri.

Ukimaliza, usikimbilie kununua kuku. Ingia bandani saa nane mchana, funga mlango, kaa robo saa. Kuku hatoi jasho kama wewe. Anapunguza joto kwa kuhema. Ukiona wewe mwenyewe unatafuta mlango, ongeza wavu, punguza ukuta, ndipo utoe hela ya kuku.