Akiki za Tibet na Hadithi ya Usumaku

Swali linaloulizwa mara kwa mara kuhusu dzi, yaani shanga ndefu za akiki zenye mistari na duara ziitwazo macho, ambazo Watibeti huzivaa shingoni kama hirizi, ni hili: usumaku wake una nguvu kiasi gani? Swali limekosewa tangu mwanzo, kwa kuwa akiki si sumaku, na anayeuliza kwa kawaida ameshazungumza na muuzaji.

Wauzaji hudai kwamba jiwe hili lina elementi za sayari ya Mirihi, hasa iterbiamu, ambayo ni metali adimu, na kwamba elementi hiyo hutoa mawimbi yanayorekebisha mzunguko wa damu. Dai hilo halina pa kusimamia. Akiki ni silika, yaani muungano wa silikoni na oksijeni uleule unaojaza mchanga wa mito, na silika safi, ikikaribishwa kwenye sumaku, haivutwi bali husukumwa kwa nguvu ndogo isiyohisika mkononi. Iterbiamu nayo haiwi sumaku ya kudumu katika joto la kawaida, tena chembe zake zimo katika miamba ya dunia hii hii, wala hakuna anayevaa kokoto ili ashushe shinikizo la damu. Hata macho hayo ni kazi ya mikono: fundi hupaka jiwe mchanganyiko wenye magadi na kulichoma hadi alama ziwe nyeupe, mbinu ambayo mafundi wa bonde la Indus waliitumia kwenye akiki nyekundu zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Watibeti wenyewe husimulia kwamba dzi ni vito vya miungu vilivyotupwa duniani baada ya kupata dosari, na imani hiyo, tofauti na porojo za Mirihi, haijawahi kujidai kuwa fizikia.

Anayetaka kununua akwaruze kioo kwa pembe ya shanga, kwani plastiki itashindwa, ingawa akiki iliyochongwa mwaka huu itafaulu sawa na ya kale. Achunguze kwa lenzi kingo za tundu, ambazo uzi wa miaka mingi huzilainisha. Bei ikiwa ndogo, ahesabu kwamba ni mpya na aivae kama pambo. Akishauriwa kunywa unga wa shanga kama dawa, asikubali. Na mwenye shinikizo la damu aendelee na vidonge alivyoandikiwa na daktari.