Bakshishi Nayo Ina Adabu Yake

Ukila katika hoteli ndogo pale Keringet, bakshishi ni hiari yako. Haimo katika bili. Lakini hiari nayo ina adabu. Bili ikiwa shilingi 180, nawe umetoa 200, mwambie mhudumu waziwazi abaki na ile sarafu ya ndovu iliyozinduliwa mwaka 2018. Usimrushie. Mwanafunzi mwenye sarafu tupu asione haya: azipange mafungu, azihesabu mbele ya mhudumu. Na wewe unayelipa kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, kumbuka pesa zinamfikia mwenye hoteli. Aliyekubebea sahani hana chenji ya kuachiwa. Mtilie sarafu mkononi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.